Bob Hayes: Mbio Zilizobadilisha Ukabaji

Kuna filamu fupi ya mwaka 1964 ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima mwenye kazi zake. Ni fainali ya mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara 4, Olimpiki ya Tokyo, tarehe 21 Oktoba. Kijiti cha Marekani kinamfikia mkimbiaji wa mwisho timu ikiwa ya tano. Ya tano, si ya pili. Mkimbiaji mwenyewe ni mpana wa mabega, mzito, vidole vya miguu vimegeukia ndani, anakimbia kama mtu anayegombana na nguo zake. Halafu anawapita wote wanne mmoja baada ya mwingine, na anapofika kwenye utepe amekwisha kuwaacha kwa mita kadhaa. Sekunde 39.0, rekodi ya dunia.

Huyo ndiye Bob Hayes. Kwa muda mrefu nilimjua kama mwanariadha tu. Baadaye ndipo nikafahamu kwamba yeye mwenyewe alijiona kwanza mchezaji wa mpira: mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili. Riadha ilikuwa kazi ya pembeni. Hebu fikiria, unakuwa mtu mwenye kasi kuliko wote duniani, na hiyo ni kazi ya pembeni!

Ukimsimulia mtu wa kwetu maisha ya Hayes kwa dakika mbili, yaani medali, umaarufu, gereza, kisha kifo akiwa na miaka 59, atakujibu papo hapo: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nimejibiwa hivyo zaidi ya mara moja. Makala hii ni ubishi wangu na methali hiyo, au tuseme na haraka ya wanaoitumia. Kwa sababu mbio za Hayes hazikuishia ukingoni. Ziko uwanjani mpaka leo, ila zimebadilika sura kiasi kwamba watazamaji wengi hawazitambui.

Alizaliwa Jacksonville, Florida, tarehe 20 Desemba 1942, wakati sheria za ubaguzi wa rangi zikiwa na nguvu zote katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Shule yake ya sekondari, Matthew Gilbert, ilikuwa ya watoto weusi, na mwaka 1958 timu yake ya mpira ilimaliza msimu bila kushindwa na kutwaa ubingwa wa shule za weusi wa jimbo. Ubingwa wa shule za weusi, maana hawakuruhusiwa kukutana na wazungu. Kilichofuata kilikuwa hivyohivyo. Alikwenda Florida A&M, chuo cha watu weusi kilichoko Tallahassee, chini ya kocha Jake Gaither. Vyuo vikubwa vya wazungu vya jimbo hilohilo havikumchukua mchezaji mweusi, hata awe na miguu ya aina gani.

Gaither alimtumia kama mkimbiza mpira anayeanzia nyuma ya mstari, na mara nyingine kama mdakaji. Pembeni, Hayes akawa anavunja rekodi. Juni 1963, huko St. Louis, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.1, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Mwanzoni mwa 1964 alikimbia yadi 60 ndani ya ukumbi chini ya sekunde 6, na hapo pia hakuna aliyemtangulia.

Halafu Tokyo. Fainali ya mita 100 ilikimbiwa tarehe 15 Oktoba, kwenye udongo wa makaa, si kwenye mpira laini wa siku hizi. Hayes alipewa njia namba 1, ile ya ndani kabisa, iliyokuwa imechoka kwa kukanyagwa. Na kiatu kimoja hakikuwepo. Inasimuliwa kwamba Joe Frazier, bondia waliyekuwa naye kikosini, alipekua begi lake na kiatu kikaangukia chini ya kitanda bila mtu kujua. Hayes akaazima kiatu cha mwenzake. Akashinda kwa nafasi kubwa, sekunde 10.0, sawa na rekodi ya dunia. Frazier naye aliondoka Tokyo na dhahabu yake ya ndondi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaikumbuka Olimpiki hiyo kwa jambo jingine. Siku iliyofuata, tarehe 16 Oktoba, Wilson Kiprugut wa Kenya alimaliza wa tatu katika mita 800 na kuipatia nchi yake medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Napenda kuziweka siku hizo mbili pamoja. Uwanja mmoja, wiki moja: kijana wa Kericho anafungua mlango ambao wakimbiaji wa Kenya hawajaufunga tena, na kijana wa Jacksonville anaaga riadha akiwa juu kabisa, maana tayari alikuwa amekwisha kuchaguliwa na timu ya mpira.

Timu hiyo ilikuwa Dallas Cowboys. Katika mgawo wa wachezaji wa vyuo uliofanyika mwishoni mwa 1963, walimchukua katika raundi ya 7, wachezaji 87 wakiwa wamekwisha kutajwa kabla yake. Usidhani walikuwa wanamdharau peke yake. Mgawo huohuo Dallas walimchukua Mel Renfro raundi ya 2 na Roger Staubach raundi ya 10, na wote watatu leo wako katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo. Lakini raundi ya 7 ni bahati nasibu. Wanariadha kadhaa walikuwa wamejaribiwa, na wengi walionekana kuwa na miguu bila mikono: wanafika, mpira unafika, vidole vinakataa.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, nieleze kidogo. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusonga mbele angalau yadi 10. Ikifanikiwa, inapewa manne mengine. Uwanja una yadi 100, kama mita 91. Mtu mmoja, kwotabeki, hupokea mpira na kuamua: ampe mwenzake akimbie nao, au aurushe mbele kwa mkono. Anayeurushiwa ni mdakaji. Kazi ya mdakaji ni kumwacha beki wake, kufika mahali walipopatana, na kuukamata mpira kabla haujagusa ardhi. Ukifikishwa mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6.

Miaka ya sitini, ukabaji wa kawaida ulikuwa mtu kwa mtu. Beki anapewa mdakaji wake, anakaa naye kama kivuli. Mfumo huu una sharti moja ambalo hakuna aliyekuwa na haja ya kulitamka: kwamba kivuli kinaweza kwenda na mwenye kivuli. Hayes alilivunja sharti hilo.

Msimu wake wa kwanza, 1965, alidaka mipira 46, akapata yadi 1,003 na tachidauni 12. Mwaka uliofuata alidaka 64, yadi 1,232, tachidauni 13. Novemba 13, 1966, dhidi ya Washington, alidaka mipira 9 kwa yadi 246. Mmojawapo, kutoka kwa kwotabeki Don Meredith, ulikwenda yadi 95, karibu uwanja mzima. Yadi 246 katika mechi moja zilibaki rekodi ya Dallas kwa miaka 43.

Sasa niseme jambo langu mwenyewe, maana hapa ndipo nilipomwelewa. Sekondari nilicheza beki wa kushoto, soka letu hili. Kuna mechi nilipangwa kumkaba winga mmoja mwembamba, mwenye kasi isiyo ya haki. Dakika 20 za kwanza alinipita mara nne. Nikawa namfuata kila anakokwenda, hata akienda kunywa maji, na bado ananipita. Mwalimu wetu wa michezo akanifokea kutoka pembeni: "Wee! Usimkimbize! Kaba nafasi!" Nikarudi nyuma hatua kama saba, nikaacha kumtazama yeye, nikaanza kutazama lile eneo lililokuwa nyuma yangu. Hakunipita tena. Lakini kiungo wao akaanza kupokea mpira bila bughudha, kwa sababu ile nafasi niliyoiacha mbele ilikuwa yake. Tulifungwa mbili. Yule winga hakufunga hata moja, wala hakutoa pasi ya bao. Nani angemwandika popote?

Hicho ndicho kilichotokea kwenye ligi nzima ya Marekani. Makocha walipoona hakuna beki wa kukaa na Hayes mtu kwa mtu, waliacha kumkaba mtu wakakaba nafasi. Walimweka mmoja mbele yake na mwingine nyuma kabisa, mlinzi wa eneo tupu. Uwanja ukagawanywa vipande, kila beki na kipande chake. Ukabaji wa nafasi haukuzaliwa kwa ajili ya Hayes, ulikuwepo kabla yake kwa namna moja au nyingine. Lakini wengi walioandika historia ya mchezo huu wanakubaliana kwamba yeye ndiye aliyeufanya kuwa wa lazima, kutoka ujanja wa mara mojamoja ukawa mkate wa kila siku. Na makocha walitumia dawa ya pili pia: kumgonga. Kwa sheria za wakati ule, beki aliruhusiwa kumsukuma mdakaji njia nzima mradi mpira haujarushwa. Mtu mwenye kasi hupunguzwa kasi kwa bega la kifuani.

Matokeo yake utayaona kwenye takwimu zake, na utayaona vibaya. Mipira anayodaka inapungua. Hakufika tena yadi 1,000 kila msimu kama alivyoanza. Mtu asiyejua atasema: ameisha, wamemgundua. Lakini tazama namba ya pili. Mwaka 1970 alidaka mipira 34 tu, ila kila mmoja ulimpa wastani wa yadi 26.1, na 10 kati ya hiyo ilikuwa tachidauni. Yaani walimfungia milango yote, na mara chache mmoja ulipoachwa wazi, alipita nao ukaondoka na bawaba zake.

Alikuwa na udhaifu wake, nisimfanye malaika. Fainali ya ligi ya Desemba 31, 1967 ilichezwa Green Bay katika baridi ya karibu nyuzi 25 chini ya sifuri. Hayes, mtoto wa Florida, aliweka mikono ndani ya suruali kila alipojua mpira hautarushwa kwake. Mabeki wa Green Bay waligundua: mikono ikiwa ndani, mpira hauji, mikono ikitoka, jiandaeni. Dallas walipoteza 21 kwa 17. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na mimi pia hucheka, lakini kuna kitu ndani yake. Mabeki wa timu bora ya zama zile walikuwa wakitazama vidole vya mtu mmoja kabla ya kila mchezo.

Januari 16, 1972, huko New Orleans, Dallas waliifunga Miami 24 kwa 3 katika Super Bowl ya 6. Hayes akawa mtu pekee mwenye medali ya dhahabu ya Olimpiki na pete ya Super Bowl. Katika mechi hiyo alidaka mipira 2, yadi 23. Ukisoma karatasi ya takwimu hutamwona. Nami kila nikiiona karatasi ile namkumbuka winga wetu mwembamba.

Mwaka 1975 alihamishiwa San Francisco, akacheza mechi chache, wakamwacha. Jumla ya kazi yake: mipira 371, yadi 7,414, tachidauni 71. Wastani wa yadi 20 kila alipodaka, na tachidauni moja katika kila mipira mitano hivi. Jerry Rice, ambaye rekodi zake ni mlima, alidaka mipira 1,549 na kufunga 197 kwa kudaka, sawa na moja katika kila karibu nane. Silinganishi ili kumshusha Rice. Nalinganisha kwa sababu wapiga kura wa Jumba la Mashujaa walipolitazama jina la Hayes, waliliona hilo 371 kwanza, na likaonekana dogo.

Tukifika hapa ndipo methali ya sakafuni inapoanza kunusa. Mwaka 1976 alitukuzwa katika jumba la mashujaa wa riadha wa Marekani. Miaka miwili baadaye, 1978, alikamatwa Texas kwa kumuuzia dawa za kulevya askari aliyejifanya mteja. Mwaka 1979 alikiri na kuhukumiwa miaka 5, akatumikia takriban miezi 10. Pombe na dawa zilikuwa zimemshika, na hakulificha hilo alipoandika maisha yake mwaka 1990.

Mwaka huo wa 1978 una kejeli nyingine ambayo haisemwi sana. Ndio mwaka ambao ligi iliongeza msimu kutoka mechi 14 hadi 16, na kuwakataza mabeki kumgusa mdakaji akishavuka yadi 5 za mwanzo. Mlango uliokuwa umefungwa kwa mabega ukafunguliwa kwa kalamu. Tangu hapo takwimu za wadakaji zimepanda hadi kumfanya kila mtu wa zamani aonekane mvivu. Hayes hakufaidi hata siku moja. Siku mabeki wa wengine walipoambiwa waachie, yeye alikuwa anasubiri mahakama.

Basi akasubiri na kingine. Kanuni za Jumba la Mashujaa la Canton, Ohio, zinawaelekeza wapiga kura watazame ya uwanjani tu. Siwezi kuingia mioyoni mwa watu. Najua tu kwamba miaka ya themanini ikapita, tisini ikapita, na jina halikupita. Dallas wenyewe walimwekea jina lake juu ya uwanja mwaka 2001, akiwa mgonjwa. Alifariki Jacksonville tarehe 18 Septemba 2002, figo zimekataa, baada ya kuugua saratani ya tezi dume na ini. Mwaka 2004 kamati ya wazee ilimpendekeza, kura hazikutosha. Mwandishi Paul Zimmerman alijiuzulu upigaji kura kwa hasira. Hatimaye, Januari 31, 2009, akachaguliwa. Alikuwa kaburini mwaka wa 7.

Siku hiyo ya uchaguzi ikasomwa barua ya shukrani, iliyosemekana Hayes aliiandika mwaka 1999 isomwe iwapo atachaguliwa baada ya kufa. Watu walilia. Kisha wenye macho wakatazama herufi: zilikuwa za aina ambayo haikutolewa kwa umma mpaka 2007. Ubishi ukazuka, hata ndani ya familia. Mimi sina la kuamua juu ya barua ile. Ninachoona ni kwamba mtu akicheleweshewa haki yake mpaka afe, lazima atokee wa kumsemea, na hapo ukweli na huruma huanza kuchanganyika. Kama wangempa miaka 10 mapema, angeshukuru kwa mdomo wake.

Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Hayes alicheza kwao, na mtunzo ukaja baada ya mazishi. Kwa nini? Naona makosa mawili yaliyoshikana mikono. La kwanza ni la kuhesabu: tunaandika alichokamata mtu, hatuandiki alichowalazimisha wengine kufanya. La pili ni la kusamehe: alilipa kosa lake mbele ya sheria, miezi 10 ndani, lakini deni jingine lisiloandikwa popote liliendelea kudaiwa. Kosa la kwanza lilikuwa kisingizio kizuri kwa la pili. Mtu anayeona haya kusema "alifungwa" anaweza kusema "mipira 371 ni michache", na wote chumbani wakaelewa.

Sisemi kwamba mfungwa akiwa hodari asamehewe kwa sababu ya uhodari. Aliyenunua dawa zile, laiti asingekuwa askari, angekuwa mtoto wa mtu. Hilo ni zito na Hayes mwenyewe alilikubali. Nasema tu kwamba daftari la uwanjani na daftari la mahakamani ni mawili, na mtu akishalipa moja asidaiwe kupitia jingine.

Usiku mmoja jirani yangu kijana, anayefuatilia mchezo huu kupitia simu, aliniita nitazame mechi naye. Sikuwajua wachezaji hata mmoja. Nikamwomba aisimamishe picha kabla mpira haujaanza, nikamwonyesha mabeki wawili waliosimama nyuma kabisa, mbali na kila mtu, hawamkabi yeyote.

"Hawa wanafanya nini huku, kaka?" akaniuliza. "Wanalinda nini?"

Nikamwambia wanamlinda mtu wa Jacksonville aliyekufa mwaka 2002. Akacheka, akadhani natania, akaiachia picha iendelee.